Daftari la lita: vyombo vya moto 19 na bei ya mafuta isiyotulia

Gharama zote humu nimeziandika kwa lita, si kwa fedha. Tangu kikundi chetu kianze kupima na kupunguza mafuta tunayochoma, bei imebadilika mara kadhaa, na kila nilipojaribu kulinganisha mwezi na mwezi kwa fedha, hesabu ilinidanganya: tulionekana tumeongeza matumizi kumbe bei tu ndiyo iliyopanda. Kwa hiyo ukisoma "kipimo cha upepo wa matairi lita 11", elewa kwamba fedha ile ingenunua lita 11 siku tuliyokinunua. Wanachama nimewaita kwa namba zao za daftarini. Mimi ni Namba 4.

8 Januari: kuanza, na kosa la kwanza

Kikundi kilizaliwa kutokana na ujumbe wa WhatsApp uliosambazwa na mtu asiyejulikana: tukatae kununua mafuta siku moja, wenye kampuni watashika adabu. Tuliojitokeza tulikuwa na magari 14 na pikipiki 5. Nikaomba jambo moja kabla ya mgomo: tupime kwanza tunatumia kiasi gani, la sivyo hatutajua kama tumefanya lolote. Wengine waliona nachelewesha mapambano. Mwisho tukakubaliana wiki nne za kupima.

Mwanzo tulipiga picha za risiti basi. Ikawa upuuzi. Risiti inaonyesha ulichonunua, haionyeshi ulichochoma. Mtu anayeweka nusu tangi kila siku tatu na anayejaza mara moja kwa wiki mbili hawalinganishiki. Tukahamia njia ya tangi hadi tangi: jaza mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe mara ya kwanza, usiongeze hata tone, andika kilomita. Ukijaza tena vivyo hivyo, lita za mara ya pili ndizo ulizochoma kwa kilomita za katikati.

Hata hapo tulipigwa chenga. Gari la Namba 9 "lilishuka" kutoka lita 9 kwa kilomita 100 hadi lita 7, na mwenyewe akaanza kutupa ushauri wa udereva. Kumbe mara ya pili alitumia pampu nyingine, nayo ikajikata mapema. Siku hizi hatuamini tarakimu yoyote mpaka gari lijazwe mara tatu, kisha tunachukua wastani. Wa pikipiki hawana bahati hiyo ya bomba kujikata, kwa hiyo wao wanajaza hadi alama waliyojiwekea kwenye shingo ya tangi.

5 Februari: msingi

Wiki nne zimeisha. Sote pamoja: lita 436 kwa wiki. Hii ndiyo tarakimu ya kulinganishia kila kitu kinachofuata. Gharama mpaka hapa: uchapaji wa karatasi za kujaza, lita 3.

14 Februari: mgomo wa siku moja

Tuliufanya tarehe 11. Matokeo yalivyo daftarini:

Siku moja kabla: lita 171. Kwa kawaida siku yetu ni lita 62 hivi.
Siku ya mgomo: lita 23 (wawili walishindwa, mmoja alikuwa anampeleka mgonjwa, hakuna aliyemlaumu).
Siku ya pili yake: lita 88.
Wiki nzima: lita 441.

Yaani wiki ya mgomo tulinunua lita tano zaidi ya kawaida. Tulichokigomea Jumatano tulikuwa tumekwisha kukinunua Jumanne. Mhudumu mmoja wa pampu alimwambia Namba 12, bila kujua lolote, kwamba Jumanne biashara ilikuwa nzuri sana. Namba 12 alipotusimulia, kundi zima lilinyamaza karibu saa nzima, jambo ambalo halijatokea tena.

Ningesoma kidogo kabla, ningejua. Marekani walijaribu jambo hilihili tarehe 30 Aprili 1999, ujumbe ukisambazwa kwa barua pepe, na kasoro ilikuwa ileile: mafuta ya leo yananunuliwa jana au kesho. Mgomo wa Morocco wa mwaka 2018 ulikuwa wa namna nyingine. Kuanzia tarehe 20 Aprili watu hawakugomea siku, waligomea chapa tatu: maji ya Sidi Ali, maziwa ya Centrale Danone na vituo vya mafuta vya Afriquia. Kampuni ya maziwa ilifika mahali ikapunguza bei. Nadhani siri imo kwenye bidhaa yenyewe. Maziwa yasiponunuliwa leo yanachacha, na mnunuzi ana chapa nyingine pembeni. Petroli iliyo kwenye tangi la kituo inakusubiri tu, haina haraka na wewe.

Uamuzi: hakuna tena mgomo wa siku. Ama tuelekeze lita zetu mahali pamoja, ama tuzipunguze.

3 Machi: lita zetu mahali pamoja

Kwanza nieleze wazo tulilolikataa, maana lilirudi mara tatu. Namba 2 alitaka tununue kwa jumla kutoka bohari na kuhifadhi kwenye mapipa nyumbani kwake. Alitoa mfano wa vijiji vya Uingereza, ambako majirani huagiza mafuta ya kupashia nyumba joto kwa pamoja na lori moja likawagawia. Ni kweli wanafanya hivyo. Ila kule kila nyumba ina tangi lililojengwa kwa kazi hiyo, na mafuta yale hayashiki moto kirahisi kama petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautoki dirishani, unatambaa sakafuni mpaka ukutane na moto, hata wa jiko la chumba cha pili. Tulipiga kura, 18 kwa 1.

Tukaenda kuzungumza na vituo. Viwili vya kwanza vilitukatalia kwa adabu, na hapo tulijifunza kitu: msimamizi wa kituo hana mkono kwenye sehemu kubwa ya bei. Mafuta ghafi yanauzwa kwa bei ya dunia, juu yake kuna usafishaji, usafirishaji na kodi, na kinachobaki kwa kituo ni kipande chembamba. Tuliingia tukidai kama watu wanaodai haki yao kwa mwizi, na tuliyekuwa tunamdai alikuwa na kipande hicho tu.

Kituo cha tatu tulibadili lugha. Hatukusema "punguzeni bei", tulisema "tuna lita 1,600 kila wiki nne, mtatupa nini tukizileta zote hapa?" Msimamizi akapiga simu kwa mwenye kituo, akarudi na jibu: asilimia 2, inalipwa mwisho wa wiki nne, tukifikisha lita 1,600. Tuliondoka tukicheka. Matumizi yetu ya wiki nne ni lita 1,744, tutakosaje?

1 Aprili: tulivyokosa

Tulifikisha lita 1,204. Punguzo: sifuri. Mkataba ulisema 1,600, na mwenye kituo hakuwa na huruma, wala simlaumu.

Nilikaa na karatasi za watu wote jioni mbili. Sababu zilikuwa mbili.

Ya kwanza ni aibu yangu. Wawili kati yetu wanajaza kwa kadi ya mafuta ya kazini, na kadi hizo hazifanyi kazi kwenye kituo kile. Niliwahesabu bila kuwauliza. Tuliahidi lita ambazo si zetu.

Ya pili ni umbali. Namba 15 anakaa kilomita 6 kutoka kituoni, upande ambao hana shughuli nyingine. Kwenda na kurudi kilomita 12, gari lake linachoma lita 9 kwa kilomita 100, yaani amechoma lita 1.08. Anajaza lita 40. Asilimia 2 ya lita 40 ni lita 0.8. Kwa uaminifu wake kwa kikundi amepata hasara ya robo lita na zaidi kila safari, na angeipata hata kama tungefikisha lengo. Wenzake wa upande ule walifanya hesabu hiyo kimyakimya kabla yangu, wakaacha kwenda.

Marekebisho: (1) hakuna kwenda kituoni mahsusi, jaza pale njia yako inapopita tu, (2) kila mtu aandike mwenyewe lita anazoweza kuahidi, kisha tunakata robo. Kwa tarakimu hizo mpya tulirudi kwa msimamizi. Makubaliano ya pili: lita 1,000, asilimia 1.5. Si kitu cha kupigia vigelegele.

9 Aprili: upepo na mwendo

Fupi. Tulinunua kipimo kizuri cha upepo wa matairi (lita 11) na kukagua magari yote 14 asubuhi kabla hayajatembea, kwa sababu tairi lililopata moto husoma juu. Tisa yalikuwa chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Pia tukakubaliana kupunguza mwendo kwa kilomita 10 kwa saa kwenye barabara kuu. Hatukubuni, ndiyo hatua ya kwanza katika orodha ya hatua 10 za kupunguza matumizi ya mafuta iliyotolewa na Shirika la Kimataifa la Nishati mwezi Machi 2022. Wiki iliyofuata: lita 427. Siwezi kuapa kwamba ni upepo, mwendo, au watu tu walisafiri kidogo.

22 Aprili: siti

Namba 6 ndiye aliyeuliza swali ambalo tungeuliza Januari: kwa nini magari manne yenye siti tano yanatoka mtaa mmoja asubuhi moja kwenda upande mmoja, kila moja na mtu mmoja?

Njia yao ni kilomita 22, kwenda na kurudi 44. Magari manne kwa wastani wa lita 9 kwa kilomita 100 yanachoma lita 15.8 kwa siku. Gari moja likiwabeba wote, na kilomita 5 za kuzunguka kuwachukua, na lita 9.6 kwa sababu ya uzito, linachoma lita 4.7. Tofauti ni lita 11 kwa siku. Kwa siku moja na nusu kundi hili linaokoa kama tulichotarajia kutoka kituoni kwa mwezi mzima.

Tukaunda makundi matatu: A ya watu wanne, B ya watatu (kilomita 14), C ya watatu wenye zamu za kazi. C ilivunjika ndani ya siku nne. Zamu zao zinabadilika kila wiki na kuna siku mmoja alisubiri saa mbili. Niliwalazimisha kwa sababu ramani ilipendeza, sikuangalia saa.

Tatizo la A na B lilikuwa fedha. Mwanzo abiria walimlipa dereva wa siku gharama ya mafuta kwa kugawana. Siku ya tatu Namba 8 akaja juu: na matairi yangu? Na oili? Siku ya tano Namba 10 akapiga simu kwa kampuni yake ya bima, akaambiwa kwamba kubeba abiria kwa malipo hakumo kwenye bima yake. Akasimamisha gari, na alifanya vizuri. Atakayeiga, simu hiyo apige siku ya kwanza, si ya tano, na kila mwenye gari apige kwake, kwani majibu tuliyopata hayakufanana.

6 Mei: alama 12

Tuliondoa fedha kabisa, tukaweka zamu. Zamu ya kawaida, leo wewe kesho mimi, haikudumu: kuna siku wako wanne, kuna siku wawili, na aliyeendesha siku ya watu wanne anaona amefanya kazi zaidi ya aliyeendesha siku ya wawili. Ana haki.

Tunafanya hivi sasa. Kila safari ya upande mmoja ina thamani ya alama 12. Gawanya kwa idadi ya waliomo, dereva akiwemo. Kila abiria anapunguziwa fungu lake, na dereva anaongezewa jumla ya mafungu ya abiria. Wakiwa wanne, kila abiria anatoa 3 na dereva anapata 9. Wakiwa watatu, abiria 4, dereva 8. Wawili, abiria 6, dereva 6. Tumechagua 12 kwa sababu inagawanyika kwa 2, 3 na 4 bila desimali. Mwenye alama chache kuliko wote ndiye anayeendesha safari ya siku inayofuata. Ukijumlisha alama za kundi zima, jibu lazima liwe sifuri. Lisipokuwa sifuri, kuna aliyekosea kuandika. Hiyo sifuri imetuepusha na ugomvi mara mbili.

Namba 11 gari lake lilikuwa gereji wiki mbili, akashuka hadi alama 48 chini ya sifuri. Aliona haya kupanda. Tukamwambia deni la alama halina riba. Gari likipona ataendesha. Ameendesha siku tatu mfululizo na sasa yuko juu yetu, na anatukumbusha.

Kuchelewa nako kulikula mafuta. Gari lililosimama injini ikinguruma linachoma karibu lita moja kwa saa, au zaidi kwa injini kubwa, na hasira za waliomo sijazipimia. Sheria: dakika tatu, kisha gari linaondoka. Wa kwanza kuachwa nilikuwa mimi. Nilisimama barabarani na chai mkononi nikilitazama linakata kona, na jioni nikaandika alama zao bila kuniweka.

Bado watu walisita kuacha magari nyumbani kwa hofu ya dharura: mtoto akiugua saa tano, nitarudije? Tukachanga mfuko mdogo wa kumlipia yeyote usafiri wa kurudi. Umetumika mara mbili, jumla lita 9. Nadhani ni fedha iliyotumika vizuri kuliko zote, kwa sababu waliokuwa wakisita waliacha kusita hata bila kuugusa.

20 Mei: gari lililobaki nyumbani

Kwa siku nne za wiki, A ilipaswa kuokoa lita 44 na B lita 18. Kutoka 436 nilitarajia 374 au chini yake. Nilipojumlisha wiki ya kwanza kamili nilipata 398.

Nikadhani ni kosa la hesabu. Halikuwa. Magari matatu yaliyoachwa nyumbani hayakulala. Kwa Namba 6, mkewe aliyekuwa akipanda basi kwenda kazini sasa anaendesha. Kwa Namba 13, kijana wake amegundua gari lipo mchana. Namba 6 aliniuliza, kwa utulivu kabisa, kama kikundi kina mamlaka juu ya mkewe. Nikamjibu hapana, nikafunga daftari.

Tulichofanya ni kumwalika shemeji yetu huyo kwenye kundi. Njia yake inakatiza njia ya B. Kundi B sasa lina watu wanne, na gari la Namba 6 linatoka siku yake ya zamu tu. Kwa kijana wa Namba 13 hatuna dawa.

Kituoni, wiki nne za kwanza za makubaliano mapya: lita 1,062. Tumevuka. Asilimia 1.5 ni lita 15.9, tumeziingiza kwenye mfuko wa dharura badala ya kugawana chini ya lita moja kila mtu.

17 Juni: lita 32

Wiki nne zilizopita tumetumia lita 1,492, wastani wa 373 kwa wiki. Ukilinganisha na wiki nne za Januari tumepunguza lita 252. Gharama zote tangu mwanzo ni lita 23: karatasi 3, kipimo 11, usafiri wa dharura 9. Bei nayo haikutusubiri. Imepanda kiasi kwamba fedha tunayotoa kwa wiki ni karibu ileile ya Januari. Namba 2 anasema basi tumefanya kazi bure. Nimemwomba azidishe lita 436 kwa bei ya leo, aniletee jibu.

Kituoni tumefikisha lita 968. Tumekosa punguzo kwa lita 32, na sababu ni kwamba tumeacha kuchoma mafuta. Siku mbili kabla ya mwisho Namba 9 alipendekeza kila mtu ajaze tangi mpaka juu ili tufike. Watatu walikwisha kuwasha magari nilipowakumbusha lita 171 za Februari: tungevuka mwezi huu na kuanza mwezi ujao matangi yakiwa yamejaa, tukiwa nyuma kwa lita hizohizo. Wakazima.

Nilikwenda kwa msimamizi kumwambia hatutaweza kufikisha 1,000 tena, labda 900, na zitaendelea kushuka. Aliniuliza tumehamia kituo gani. Nikamwambia hatujahama, tunapanda gari moja. Alitazama daftari langu kwa muda, akauliza zile alama 12 zinahesabiwaje, maana wahudumu wake watano wanatoka upande mmoja na kila mmoja anakuja na pikipiki yake.

Kinachofuata: C wanajaribu tena Jumatatu, safari hii kwa kupangwa kufuata zamu za kazi badala ya mtaa. Nimempa msimamizi nakala ya karatasi tupu za alama.